Sauti Inayoujibu Mkono

Mwishoni mwa Januari 2013 ilitoka gemu ya kompyuta iitwayo Proteus. Walioitengeneza ni wawili: Ed Key, mwandishi wa programu kutoka Uingereza, na David Kanaga, mwanamuziki wa Marekani. Mchezaji anafumbua macho akiwa majini, na mbele yake, kwenye ukungu, kuna kisiwa. Anasogea hadi ufukweni, anapita chini ya miti inayodondosha maua, anapanda mlima akipenda. Hakuna adui wala pointi. Hakuna saa inayomkimbiza, na hakuna maandishi ya kumwelekeza njia. Anachoweza kufanya ni kutembea, kutazama, kuketi na kuhifadhi picha ya mahali alipo. Ikipata kama saa moja hivi, majira manne ya mwaka yameshapita na safari imekwisha.

Baadhi ya wachezaji walikuja juu. Walidai kwamba hicho si gemu hata kidogo, na ubishi ukapamba moto hadi Key mwenyewe akaandika kueleza kwa nini haoni faida ya kuchora mpaka mkali kati ya gemu na kisicho gemu. Hasira yao haishangazi. Kwenye mabanda ya gemu ya Dar es Salaam au Mombasa, gemu ni mpira: skrini moja, padi mbili, vijana wamejazana kwenye benchi, na aliyefungwa anaachia padi. Mwambie kijana wa pale kwamba kuna gemu isiyo na kushinda, atakuuliza: sasa hapo unacheza nini? Ni swali zuri, na linastahili jibu kuliko lile la kama gemu ni sanaa au si sanaa.

Hilo la sanaa lilivuma zaidi mwaka 2010, Roger Ebert, mhakiki wa filamu aliyeheshimiwa sana Marekani, alipoandika kwamba gemu haziwezi kuwa sanaa. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba gemu ina kanuni na lengo, na mtu anaweza kuishinda. Ukiondoa hayo, alisema, inakuwa kitu kingine, kama hadithi, dansi au filamu. Miezi michache baadaye alikiri kwamba hakupaswa kuzungumzia gemu ambazo hajazicheza. Kinachonivutia ni kwamba Ebert, ambaye gemu hazikumvutia, na wachezaji waliomkasirikia Key, ambao gemu ndiyo maisha yao, walisimama mahali pamoja. Wote waliamini kwamba ushindi ndio roho ya gemu. Nadhani wote walikosea kwa namna ileile: walikodolea macho mwisho wa mchezo, wakaacha kutazama kinachotokea kila sekunde kati ya mkono na skrini.

Hapo kati ndipo penye sanaa, na huo ndio msimamo wangu katika uchambuzi huu. Gemu za majaribio zilizotengenezwa kwa ajili ya macho na masikio zisipimwe kwa uzuri wa picha zake peke yake, maana mchoraji mzuri anazishinda. Zisipimwe kwa muziki wake peke yake pia, maana sahani ya santuri inatosha. Zipimwe kwa kanuni inayounganisha tendo la mchezaji na kile kinachomrudia kwa sauti na kwa rangi. Mcheza ngoma aliyevaa njuga miguuni hasubiri muziki kisha aufuate. Hatua yake ndiyo mlio, na mlio unaielekeza hatua inayofuata. Gemu nzuri ya aina hii humfanyia hivyo mtu aliyekaa kwenye kiti.

Hamu ya kuifunga rangi na sauti pamoja ni ya zamani kuliko umeme. Mwaka 1725 padri Mjesuti wa Ufaransa, Louis-Bertrand Castel, alitoa wazo la kinanda ambacho kila kitufe kingeonyesha rangi yake. Mrusi Alexander Scriabin alipomaliza Prometheus mwaka 1910 aliandika ndani ya nota za okestra mstari wa pekee kwa ajili ya kinanda cha taa. Wassily Kandinsky, mwanasheria aliyeacha sheria akawa mchoraji, aliipa michoro yake majina ya muziki, na katika kitabu chake cha 1911 alizipa rangi ala zake: buluu nyepesi ni filimbi, buluu iliyokolea ni selo.

Aliyekaribia zaidi gemu, kwa maoni yangu, ni Oskar Fischinger. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1900, akatengeneza filamu fupi ambazo maumbo matupu yalicheza sambamba na muziki, akahamia Hollywood mwaka 1936, akaifanyia kazi Fantasia ya Disney, na akaondoka humo akiwa hana furaha kwa sababu michoro yake ilibadilishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alibuni chombo alichokiita Lumigraph. Ni fremu yenye shuka laini mfano wa mpira, na pembezoni mwake mwanga wa rangi unapita kwenye ufa mwembamba. Chumba kikiwa giza, shuka halionekani. Mpigaji akilisukuma kwa kidole kutoka nyuma, sehemu iliyojitokeza inaingia kwenye mwanga, na watazamaji wanaona nukta ya rangi ikielea hewani. Akisukuma kwa kiganja, nukta inakuwa wingu. Msaidizi anabadilisha rangi. Picha ile haikuchorwa mahali popote. Ilikuwepo kadiri mkono ulivyokuwepo.

Lakini Lumigraph ilikuwa bubu. Muziki ulitoka pembeni, kwenye santuri, na haukujali mkono unafanya nini. Mpigaji aliweza kuufuata, kuubadilisha hakuweza. Pengo hilo lilizibwa na kompyuta, kwa sababu ndani ya kompyuta rangi na mlio vyote ni namba, na namba moja ikibadilika inaweza kuvivuta vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana naziona gemu hizi kuwa warithi wa Fischinger kuliko warithi wa sinema za vita na mashindano ya magari.

Mmoja wa wa kwanza kulielewa jambo hilo ni Toshio Iwai, msanii wa Japani. Gemu yake Otocky ilitoka mwaka 1987 kwenye mashine ya Nintendo iliyojulikana huko kama Famicom. Kwa juu juu ni gemu ya kurusha na kulenga kama nyingine za wakati ule, lakini kila upande ambao mchezaji anarusha tufe lake una nota yake, na mashine inaisogeza nota kidogo ili iangukie kwenye mdundo. Anayewaangusha maadui anatunga wimbo huku akidhani anapigana. Miaka 18 baadaye Iwai aliondoa hata maadui. Electroplankton, iliyotoka mwaka 2005 kwenye Nintendo DS, ni vidimbwi kumi vyenye vijidudu vya majini. Katika kimojawapo, vijidudu hurushwa kutoka majini vikagonga majani ya mmea, na mchezaji anageuza pembe ya kila jani kwa kalamu ya skrini. Pembe ikibadilika, nota inabadilika, na njia ya kijidudu inabadilika pia, kwa hiyo jani la pili linagongwa mahali pengine. Jani moja limegeuzwa, wimbo mzima umegeuka. Wahakiki walinung'unika kwamba hakuna namna ya kuhifadhi tungo zako. Nadhani malalamiko yao yalikuwa ya haki, ingawa kidimbwi hakipungui uzuri kwa sababu hiyo.

Kisha kuna Rez, na hapa nitakaa zaidi.

Tetsuya Mizuguchi alijulikana kwa gemu za mbio za magari za Sega. Mwaka 1997 alikwenda Zürich, Uswisi, akaona Street Parade, maandamano makubwa ya muziki wa elektroniki barabarani: umati mkubwa, taa, na miili inayotikisika kwa mdundo mmoja. Amesimulia mara nyingi kwamba hapo aliona kile alichotaka kukitia kwenye gemu. Rez ilitoka Japani Novemba 2001, kwenye mashine za Dreamcast na PlayStation 2, na imetolewa kwa kumuenzi Kandinsky. Jina lake limo mwishoni, kwenye orodha ya waliohusika. Wanamuziki walioshiriki hawakuwa waajiriwa wa kupiga muziki wa nyuma. Ken Ishii wa Japani, Adam Freeland na Coldcut wa Uingereza, hao ni watu waliokuwa na majina yao kwenye kumbi za dansi.

Mchezaji anaelea ndani ya mtandao wa kompyuta uliochorwa kwa mistari mitupu ya mwanga. Hachagui njia, anasukumwa mbele. Anashikilia kitufe, anapitisha alama ya shabaha juu ya vitu vinavyomjia, anavikamata hadi vinane, kisha anaachia. Kila kinachokamatwa kinatoa mlio wa ngoma au sinia, na kila kinachopigwa kinatoa mlio mwingine. Ila mlio hautoki palepale. Mashine inausubirisha kwa sehemu ndogo ya sekunde, hadi nafasi inayofuata ya mdundo, ndipo inauachia. Mtu asiye na sikio la muziki kabisa anajisikia akipiga bila kukosea.

Mtu anaweza kusema huo ni udanganyifu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Rez hairuhusu mtu kupiga vibaya, na mwanamuziki wa kweli anahitaji uhuru wa kuwahi na kuchelewa, maana ladha ya mpiga ngoma mkubwa imo humo. Lakini kuna jambo linalotokea baada ya dakika kama kumi. Mkono unaanza kuachia kitufe kwenye mdundo wenyewe. Gemu haidai hivyo na haitoi pointi za ziada kwa ajili hiyo. Ni kwamba mkono umeonja jinsi inavyokuwa pale mlio unapotoka bila kusubiri, ukaupenda. Mtu amefundishwa mdundo bila kusahihishwa hata mara moja. Sijui filamu inayoweza kufanya hivyo.

Muziki wenyewe umepangwa kwa ngazi. Kila moja ya sehemu nne za kwanza ina tabaka kumi. Mwanzoni unasikia ngoma nzito na kitu kidogo tu juu yake, na mandhari ni mistari michache gizani. Njiani kuna mchemraba ambao mchezaji akiupiga vya kutosha unafunguka, naye anaingia tabaka linalofuata: ala inaongezeka, majengo yanaota nguzo na ngazi, rangi zinazidi. Asipoupiga, tabaka lilelile linaendelea. Kwa hiyo ni yeye anayeamua wimbo ukue lini, kazi ambayo kwenye ukumbi wa dansi ni ya DJ. Na kwa kuwa macho na masikio yanapewa nyongeza kwa wakati mmoja kutokana na tendo moja, akili inaacha kuvitenganisha. Unaona ngoma, unasikia nguzo. Kandinsky alilitafuta hilo kwa turubai iliyosimama tuli.

Nchini Japani Rez iliuzwa pia pamoja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye PlayStation 2 kilichotetemeka kwa kufuata mdundo. Ungeweza kukiweka mgongoni au chini ya mguu. Mwaka 2016 iliporudi kama Rez Infinite kwa miwani ya uhalisia pepe, Mizuguchi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Keio walionyesha hata vazi zima lililojaa vitetemeshi mwilini. Vifaa hivyo vimeonekana kwa watu wengi kama vichekesho. Mimi naviona kama ushahidi wa jinsi Mizuguchi alivyokuwa makini: alitaka mdundo upite kwenye ngozi kama unavyopita ukisimama mbele ya spika kubwa, kwa sababu bila mwili Street Parade ni kelele na taa.

Thumper ya mwaka 2016, ya Marc Flury na mpiga besi Brian Gibson, iliichukua kanuni hiyohiyo ikaigeuza kuwa tishio. Mende wa chuma anakimbia juu ya reli, ngoma zinagonga kama nyundo, na asiyegusa kwa wakati anasambaratika. Hakuna huruma ya kusubirishwa. Ni kazi kali, na inathibitisha kwamba kanuni ya mkono na sauti inaweza kubeba hofu sawasawa na inavyobeba raha.

Vib-ribbon inakwenda kinyume. Masaya Matsuura na kampuni yake NanaOn-Sha waliitoa Japani mwaka 1999 kwenye PlayStation ya kwanza. Skrini nyeusi, mistari myeupe, na sungura aitwaye Vibri anayetembea juu ya utepe. Gemu nzima ni ndogo kiasi kwamba inaingia yote kwenye kumbukumbu ya mashine, na hapo mchezaji anaruhusiwa kutoa diski ya gemu na kuweka CD yoyote ya muziki aliyonayo. Mashine inausoma wimbo na kuugeuza njia: mashimo, vitanzi, mawimbi na vigingi. Vibri akijikwaa sana anakuwa chura, akizidi kujikwaa anakuwa mnyoo. Weka CD ya taarabu ya Zanzibar, na fidla zitamchorea Vibri barabara ambayo mtengenezaji wa Tokyo hakuwahi kuifikiria. Mistari ile ya kitoto ndiyo iliyoifanya gemu iwe wazi kiasi hicho. Picha nzito za wakati ule zisingeacha nafasi kwenye kumbukumbu.

Turudi kwa kijana wa bandani na swali lake. Kwenye Proteus unacheza nini?

Unacheza kisiwa. Kila kilichomo kina sauti yake, na sauti inategemea uko wapi, ni saa ngapi, ni majira gani, na nini kiko karibu nawe. Maua yanayodondoka yanatoa nota ndogondogo. Kiumbe mfano wa chura kinaruka mbele yako, na kila mruko ni nota. Ukikikimbiza kinapiga mfululizo wa nota hadi kinatoweka, ukisimama kinanyamaza. Ukipanda juu ya mlima muziki unakonda, na mawinguni unabaki na uzi mmoja tu wa sauti. Ukishuka bondeni unajaa tena. Hakuna kitufe cha kupigia muziki. Kutembea ndiko kutunga, na kusimama ni kutunga pia.

Hapa pana tofauti kubwa na Rez, ambayo wachambuzi huipita haraka. Rez inafanya kazi kwenye muda: swali lake ni lini. Proteus inafanya kazi kwenye nafasi: swali lake ni wapi, na umbali gani. Mchezaji wa Rez hana njia ya kunyamaza. Akiacha kupiga atapigwa. Mchezaji wa Proteus anaweza kuuondoa muziki karibu wote kwa kwenda mahali patupu, na ukimya anaoupata ni wake, kwa sababu ameutafuta kwa miguu. Kanaga alielewa kwamba muziki wa gemu hauna haja ya kuanza na kuisha kama wimbo. Unaweza kuwekwa mahali kama mti, ukangoja mtu apite.

Usiku, nukta nyeupe za mwanga hukusanyika na kuzunguka kama kimbunga kidogo. Mchezaji akisimama katikati yake, wakati unakimbia na majira yanabadilika: kutoka machipuko hadi joto, kutoka joto hadi mpukutiko, kisha baridi. Katika baridi theluji imefunika kila kitu, wanyama hawapo, na zile sauti ulizozizoea hazipo. Hapo ndipo gemu inapogusa zaidi. Hujaambiwa kwamba kuna kilichokufa. Unakwenda mahali ulipomkimbiza chura, na hapajibu. Huzuni hiyo haikuandikwa na mtunzi wa hadithi. Umeijenga mwenyewe kwa saa nzima ya kuzoea kujibiwa.

Picha zake zinaweza kumvunja moyo mtu aliyezoea gemu za mpira ambazo jasho la mchezaji linaonekana. Pikseli ni kubwa kama vigae, miti ni vipande bapa vya rangi. Naona uamuzi huo ni sahihi. Mti uliochorwa jani kwa jani ungemfanya mtu autazame. Mti wa rangi mbili unamwachia nafasi ya kuusikiliza. Kasoro ya Proteus iko kwingine. Kisiwa kinaumbwa upya kila unapoanza, milima na fukwe zinahama, lakini hazina ya sauti ni ileile. Mchezaji akirudi mara ya tatu anakuwa ameshazijua sauti zote, na sura mpya ya ardhi haitoshi kumshangaza. Kanaga alijaribu kulivuka hilo mwaka 2015 kwa Panoramical, aliyoifanya na Fernando Ramallo, ambamo mchezaji anavuta na kusukuma mandhari na muziki kwa pamoja kama fundi mitambo anayeshika vitelezi vya kuchanganyia sauti. Uhuru ni mwingi zaidi humo, ila kutembea kumeondoka, na kwangu mimi kutembea kulikuwa na uzito wake.

Kuna gemu moja ambayo kila mtu huitaja mjadala huu unapoanza, nayo ni Journey ya thatgamecompany, iliyotoka mwaka 2012. Jangwa lake ni zuri ajabu, na muziki wa Austin Wintory ulikuwa wa kwanza wa gemu kuteuliwa kuwania Grammy kwenye kundi la muziki wa picha. Nauheshimu, lakini kwa kipimo changu sehemu kubwa ya Journey ni filamu nzuri inayosubiri mtazamaji afike mahali fulani ndipo iendelee. Selo inalia mchangani kwa sababu umefika hapo, na ingelia hivyohivyo kwa mtu yeyote. Isipokuwa jambo moja. Njiani unakutana na mchezaji mwingine, mtu halisi aliye mahali fulani duniani, na hamna namna ya kuandikiana wala kuzungumza. Kuna kitufe kimoja kinachotoa mlio na duara la mwanga. Ukikigusa kidogo mlio ni mdogo, ukikishikilia unapanuka. Kwa mlio huo watu wawili wasiojuana wanaitana, wanaonyana, wanashukuriana. Kitufe kimoja, sauti na mwanga vikitoka pamoja: hapo Journey inakuwa kazi ambayo filamu isingeweza kuifanya.

Makumbusho nayo yamejaribu kuzipokea kazi hizi. Novemba 2012 MoMA ya New York ilitangaza kuziingiza gemu 14 kwenye hazina yake, vib-ribbon ikiwa mojawapo. Paola Antonelli, aliyesimamia jambo hilo, alizipokea kwenye idara ya usanifu na ubunifu wa vitu, kwa hoja kwamba kinachohifadhiwa ni ubunifu wa maingiliano kati ya mtu na mashine. Jonathan Jones wa gazeti la The Guardian alipinga, akisema gemu si sanaa. Katika ugomvi huo niko upande wa Antonelli, na naona idara aliyoichagua ilifaa kuliko idara ya michoro, kwa sababu ilimlazimu mtunzaji kuuliza mkono unafanya nini. Tatizo ni ukumbi wenyewe. Mtu anayesimama dakika tatu mbele ya skrini, hedifoni zimeshikwa na wageni wengi kabla yake, na nyuma yake kuna foleni, hawezi kufika kwenye ile baridi ya Proteus, wala dakika ya kumi ya Rez ambapo mkono unaanza kujifunza.

Kuhifadhi nako kuna taabu zake. Kifaa cha kutetemeka cha Rez kilikuwa mali ya PlayStation 2. Vib-ribbon inahitaji mashine inayosoma CD za muziki, na PlayStation 4 na 5 hazisomi CD hizo. Runinga bapa za leo huchelewesha picha kidogo kuliko zile za zamani zenye mgongo, na kwa gemu inayoishi kwenye mdundo ucheleweshaji huo ni jeraha. Mchoro ukififia bado ni mchoro uliofifia. Gemu hizi, muda kati ya kitufe na mlio ukiharibika, zinabaki na kila kitu kasoro kile kilichozifanya zitengenezwe.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, Proteus na Rez Infinite zote zinapatikana kwa kompyuta, na Proteus haihitaji mashine ya bei kubwa. Hedifoni nzuri zina maana kuliko skrini kubwa, kwa sababu spika za kompyuta ya mkononi huzimeza ngoma nzito, na ngoma nzito ndiyo sakafu ya Rez. Anza na sehemu ya kwanza ya Rez, kisha uirudie sauti ikiwa imezimwa. Utaona gemu ya kawaida ya kulenga, tena nyepesi. Halafu zima sauti ya Proteus, utaona bustani ya rangi ambayo huna la kufanya ndani yake, na malalamiko ya wale wachezaji wa 2013 yatakuingia akilini mara moja. Jaribio la tatu ni kutazama video ya mtu mwingine akiicheza sehemu ileile ya Rez. Picha zote zimo na muziki wote umo, lakini milio ya shabaha, ambayo ulipocheza mwenyewe uliisikia kama yako, sasa imezama ndani ya wimbo, na unaweza kuitazama sehemu nzima bila kutambua kwamba kuna mtu aliyekuwa akiipiga.